Betri Kubwa ya Gari la Haibridi: Pima Kwanza, Lipa Baadaye



Bila shaka umekwisha kuona gari dogo linaloondoka kimya, kama linasukumwa na watu usiowaona. Likienda kidogo, ndipo injini inawaka. Hilo ni gari la haibridi. Lina injini ya petroli na mota ya umeme, na vyote viwili vinasaidiana. Toyota Prius lilianza kuuzwa Japani mwaka 1997, na Toyota Aqua mwaka 2011. Mengi yanatufikia Afrika Mashariki yakiwa yamekwisha tumika huko kwa miaka mingi.

Watu wanayapenda kwa sababu yanakula petroli kidogo. Lakini siku moja taa nyekundu ya pembetatu inawaka mbele ya dereva, na fundi anatamka: "Betri imekufa, nunua nyingine." Betri hiyo si ile tuliyoizoea. Bei yake inaweza kumaliza akiba yote ya kikundi kilichochanga fedha kununua gari. Kwa hiyo kabla ya kulipa, tujue kama kweli imekufa.

Kwanza tufahamu kuwa gari hili lina betri mbili. Ipo betri ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Hii inaamsha kompyuta za gari. Halafu ipo betri kubwa, nyuma ya kiti cha nyuma au chini yake. Hii ndiyo inayoendesha mota. Ukipiga breki au ukiteremka mlima, mota inageuka kuwa kama dainamo ya baiskeli na kuirudishia betri kubwa umeme.

Betri ndogo ikiwa chovu, taa nyingi zinawaka ovyo, na ile taa ya kijani ya kuonyesha kuwa gari liko tayari haiwaki. Hapo wengi husingizia betri kubwa. Basi mwambie fundi aanze na ndogo. Gari likiwa limepumzika, betri ndogo nzima ina volti 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12, ichajiwe au ibadilishwe kwanza, halafu ndipo mzungumze habari za betri kubwa.

Sasa tuingie ndani ya betri kubwa. Chukua penseli tuhesabu pamoja. Betri ya Prius la miaka ya 2003 mpaka 2009 ni ya nikeli, nayo imeundwa kwa vipande 28 vilivyounganishwa mfululizo. Kila kipande kina seli 6, na kila seli ina volti 1.2. Basi 6 mara 1.2 ni 7.2. Na 28 mara 7.2 ni volti 201.6. Aqua la mwanzo lina vipande 20, yaani volti 144.

Kwa nini tunahesabu? Kwa sababu mara nyingi si betri nzima inayokufa. Ni kama redio yako. Ukiweka betri tatu mpya na moja iliyochakaa, redio inakoroma, na ukitupa zote nne umetupa tatu nzima. Kompyuta ya Prius hilo inapima vipande viwiliviwili, yaani jozi 14. Fundi mwenye mashine ya kusomea gari anaweza kukuonyesha volti za kila jozi. Tuseme jozi 13 zina volti 15.5 kila moja, na jozi moja ina 14.3. Tofauti ni 1.2. Umeikumbuka namba hiyo? Yaelekea humo ndani kuna seli moja iliyokufa.

Lakini angalia sana hapa. Betri chovu hudanganya ikiwa imepumzika. Namba zisomwe gari likiwa kazini, mmoja akiendesha na mwingine akisoma. Likipanda mlima, jozi nzima zinashuka pamoja, ile mbovu inaporomoka peke yake. Breki zikipigwa, mbovu inaruka juu kuliko wenzake. Fundi anayesoma namba gari limesimama chini ya mwembe hajapima kitu.

Mashine inaweza pia kutoa alama P0A80. Alama hiyo inasema kompyuta imeona jozi zimepishana mno. Haisemi kila seli imekufa. Wakati mwingine mabamba ya shaba yanayounganisha vipande, au nyaya nyembamba za kupimia, zimeshika kutu ya kijani tu.

Hata bila mashine zipo dalili. Vijiti vya chaji kwenye kioo cha dereva vinapanda na kushuka upesiupesi. Injini inawaka kila mara hata foleni ikisimama. Petroli inaliwa zaidi kuliko zamani. Na feni ya nyuma inavuma kwa nguvu.

Hiyo feni tuizungumze. Betri huuawa na joto. Feni huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Huku kwetu barabara ni vumbi, na abiria huweka gunia au begi papo hapo. Hewa haipiti, betri inaungua polepole. Kagua tundu hilo, na fundi asafishe feni. Kazi yenyewe haichukui hata nusu siku.

Jambo moja hatulifanyii mzaha. Usiifungue betri kubwa mwenyewe. Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230, na humu mna zaidi ya 200. Unaua. Nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse. Fundi anayejua huzima gari, huvaa glavu za mpira za kazi ya umeme, huchomoa plagi ya usalama, na husubiri dakika 10. Hata hapo kila upande wa plagi bado una umeme wake. Ukiona fundi anaingiza bisibisi humo kwa mikono mitupu, mzuie.

Je, kubadilisha kipande kimoja kunafaa? Inawezekana, mradi kipande kipya kilingane na wenzake kwa nguvu na chaji. Ila sisi tunaona ni kununua muda tu, kwa sababu vipande vilivyobaki vina umri uleule. Jozi mbovu ikiwa moja, jaribuni. Zikiwa nne au tano, ni afadhali kuchanga kwa ajili ya betri nzima.

Na kama ndiyo kwanza mnanunua gari, msitosheke na taa kuzimika. Muuzaji anaweza kufuta alama asubuhi, ikarudi baada ya siku chache. Nendeni na fundi wenu, mpande nalo mlima, na mwandike namba zote 14 kwenye daftari kabla ya kutoa fedha.