DAFTARI LA SILAHA NA BUNDUKI ZA URITHI

Wakazi wa Wilaya ya Kilosa wanafahamishwa kwamba, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991, kumbukumbu za silaha za kiraia hutunzwa na Jeshi la Polisi. Bunduki ikiokotwa porini, tuseme kandokando ya Hifadhi ya Mikumi, askari husoma namba iliyochongwa chumani na kuitafuta daftarini. Mwenye leseni ndiye huulizwa kwanza, ingawa namba haimtaji aliyefyatua. Utata huzidi iwapo mwenyewe amekwisha kufariki, kwani leseni hairithiwi. Warithi wanatakiwa kuisalimisha silaha kituo cha polisi, ndipo mmoja wao aombe leseni kwa jina lake.