Kigali kwa mara ya kwanza: angalia kushoto, kisha ulipe

Mwenzetu mmoja ofisini nusura agongwe na pikipiki Kigali. Tulikuwa tumeshuka basi Nyabugogo, kile kituo kikubwa cha mabasi, tunataka kuvuka barabara. Akaangalia kulia vile tulifundishwa tangu nasari, akaona kweupe, akapiga hatua. Pikipiki ikatokea kushoto. Tulimvuta kwa begi.

Rwanda magari hupita upande wa kulia wa barabara, si kushoto kama kwetu na Uganda. Ukipitia mpaka wa Gatuna, hata basi lenyewe hubadilisha upande likishavuka.

Tukadhani mabaya yameisha. Kumbe bado pesa. Hapa nyumbani umezoea: unapanda matatu, unatoa simu, unalipa. Kule laini zetu zilikuwa kimya kwa sababu hatukuwa tumewasha huduma ya kutumia simu nje ya nchi. Mfukoni tulikuwa na shilingi tu. Mabasi ya mjini nayo hulipiwa kwa kadi, si kumpa kondakta noti. Tulizunguka na mizigo karibu saa nzima tukitafuta pa kubadilisha pesa.

Tuliokolewa na pikipiki. Dereva hukupa helmeti, na hubeba abiria mmoja tu. Ile yetu ya kubebana watatu, sahau. Uliza "Ni angahe?" kabla ya kupanda, mkubaliane bei. Ukifika, sema "Murakoze", yaani asante.

Usipitie tuliyopitia. Kabla ya kuondoka:

• Piga simu huduma kwa wateja, uulize kama laini yako itafanya kazi kule na utakatwa ngapi.

• Badilisha pesa kidogo mapema, za kukutosha siku ya kwanza. Tumia benki au duka lenye leseni.

• Mpakani, mtu akisema "lete simu nikusaidie", kataa. Namba yako ya siri ni yako peke yako, hata nje ya nchi.

• Rekebisha saa. Kigali iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja, na basi la kurudi litafuata saa ya kule.

Safari njema! Na ukifika kando ya barabara, kumbuka: kushoto kwanza.