Utangulizi: Anaongea na Nani?

Mtoto kiziwi akipelekwa hospitali, daktari atataka kujua masikio yana nini. Taaluma ya lugha za alama ina swali lake: mtoto huyu anaongea na nani? Kwa wakazi wa Chisenga, kisiwa cha Zambia kwenye Ziwa Mweru, ambako kwenda Nchelenge ni kupanda chombo, swali hilo si la darasani tu. Kiziwi aliye peke yake hubuni ishara na mama yake, za samaki, za njaa, za kuitana, na nyingi hazivuki ua wa nyumba. Viziwi wakikusanyika, ishara hizo hukomaa zikawa lugha.

Kisiwani Martha's Vineyard, Marekani, uziwi ulirithiwa vizazi kwa vizazi, hata wanaosikia wakazoea kutumia lugha ya alama. Nora Groce, aliyeandika habari zao mwaka 1985, alimuuliza mzee mmoja watu wawili wa zamani walifanana kwa lipi. Akajibiwa kwamba wote walikuwa wavuvi hodari. Kwamba walikuwa viziwi, mpaka akumbushwe! Sijui kisa kinachoieleza fani hii vizuri zaidi.

Kwetu Afrika Mashariki, mahali pa viziwi kukutania pamekuwa shule. Tanzania ilipata ya Tabora mwaka 1963 na ya Buguruni mwaka 1974. Kila shule ikakuza alama zake, na wahitimu wakikutana ilibidi wazoeane. Kwingineko Afrika, Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alianza kufungua shule Ghana mwaka 1957 na kueneza alama zenye asili ya Marekani hata katika nchi zinazotumia Kifaransa. Kwa hiyo ramani ya lugha za alama haifuati ile ya wakoloni.

Wasomi walichelewa kuzitambua lugha hizi. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880 ulitaka alama ziondolewe darasani, na ni mwaka 1960 tu mwanaisimu William Stokoe alipoonyesha kwamba zina muundo kama lugha nyingine yoyote. Mkono una umbo, mahali na mwendo. Badilisha kimoja, neno linageuka. Nyusi nazo zina kazi katika sarufi: zikiinuka, kauli huweza kuwa swali. Leo katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge.

Soma kitabu hiki, lakini mtafute kiziwi akufundishe. Una kovu shavuni? Huenda ndilo litakalokuwa jina lako la alama kwa viziwi.