Kindu na Mali Inayokubali Hasara

Katika komine ya Mikelenge, hapa Kindu, yuko binti mmoja mwenye kabini ya mbao iliyopakwa rangi ya buluu, ambamo huuza vocha, hutuma na kupokea fedha za watu kwa simu, na tangu asubuhi hata magharibi huchaji simu za jirani zake na za wasafiri wavukao kwa mtumbwi kutoka Alunguli. Siku ya soko simu hupata 40 na zaidi, zimelazwa juu ya ubao mmoja, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe; na nyuma ya ukuta jenereta ndogo yanguruma, ikinywa petroli ambayo bei yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya habari za treni na za majahazi ya Ubundu. Amekwisha kupiga hesabu kwamba akipata paneli za jua na betri tatu nzuri atapumzika na petroli, na baada ya mwaka ataweza kufungua kabini ya pili ng'ambo. Akaenda kukopa. Jibu alilopewa alinieleza kwa upole, bila ya kumlaumu mtu: "Papa, wanataka nianze kulipa mwezi unaofuata, na paneli zenyewe zitakuwa bado ziko njiani kwenye treni."

Maneno hayo nimekaa nayo siku nyingi, kwa kuwa naona yamegusa jambo ambalo wasemao habari za ujasiriamali, katika semina zetu zenye vitambaa vya meza na chupa za maji, aghalabu hulipita. Ziko mali za namna mbili. Iko mali inayokukopesha kisha ikabaki ufuoni, ikihesabu siku zako, isijali kama mtumbwi umefika au umezama. Na iko mali inayopanda mtumbwini pamoja nawe. Hii ya pili mafakihi waliijua zamani, wakaiita mudharaba: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi na maarifa, faida wakaigawana kwa fungu walilopatana tangu mwanzo, na hasara ikiingia pasipo hiana wala uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake na mfanya kazi hupoteza jasho lake, wala hapana wa kumdai mwenziwe. Wazee wa Kasongo waliosoma chuoni hawahitaji kufundishwa hayo na mtu atokaye California.

Wawekezaji wa kampuni changa za teknolojia wanafuata kanuni iliyo karibu sana na hiyo. Hawakopeshi, hununua hisa, wakijua kwamba katika kampuni kumi nyingi zitakufa, na kwamba ile moja itakayokua itafidia zote zilizokufa. Mali ya namna hiyo yapatikana Afrika, walakini sehemu yake kubwa huishia katika nchi nne, nazo ni Naijeria, Kenya, Afrika Kusini na Misri. Na hata inapovuka mpaka wetu hutua Kinshasa kwanza, mahali ambapo mtu wa Kindu hafiki kwa urahisi ila kwa ndege.

Hata hivyo asidhani msomaji kwamba Maniema, jimbo letu hili, ni ngeni kwa mali ya kubahatisha. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Tippu Tip, alitoka Unguja kwa safari yake iliyokuwa ndefu kuliko zote karibu na mwaka 1870, asirejee hata mwaka 1882. Na muda wote huo, miaka kama 12, Taria Topan, tajiri wa Kihindi aliyempa bidhaa kwa ahadi ya kulipwa pembe za ndovu, aliendelea kusubiri Unguja. Nimewauliza rafiki zangu wafanyao kazi katika benki ni nani leo awezaye kuingoja mali yake miaka 12, nao wakacheka. Kwa subira ya namna ile Kasongo na Nyangwe zikawa miji, mashamba ya mpunga yakaenea, na Kiswahili hiki ninachoandikia kikafika kwetu kwa njia ile ile iliyopitwa na mitumba ya vitambaa na mapipa ya baruti.

Lakini subira ya tajiri haikuwa na insafu ndani yake, na mimi niliyezaliwa katika nchi hii siwezi kuisifu nikaishia hapo. Mkataba ulikuwa wa watu wawili, na hasara ikabebwa na wa tatu ambaye hakuulizwa: mpagazi aliyeanguka njiani, na mwanakijiji aliyechukuliwa utumwani. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake, katika soko la Nyangwe, watu wa misafara wakiwamiminia risasi wachuuzi, ambao wengi wao walikuwa wanawake, hata wakajitupa mtoni kwa mamia na kuzama. Mto ule ndio huu unaopita chini ya kabini ya yule binti.

Ilipokuja reli mambo yaligeuka sura tu. Kampuni ya Empain iliyoundwa mwaka 1902 ilifikisha njia ya kilomita 355 baina ya Kindu na Kongolo mwaka 1911, nayo ni kazi ambayo hata leo twaitegemea. Bali wenye hisa wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha kuhakikishiwa riba na serikali, pamoja na kupewa ardhi kwa mamilioni ya hekta, basi hatari ikawa si yao tena, ikawa ya wenye nchi.

Kwa upande mwingine, ule utumaji wa fedha kwa simu ambao ndio roho ya kabini zetu, na ulioanza kuenea Kongo mwaka 2012, ulipata umbo lake Kenya kwa mali iliyokubali kupotea. Serikali ya Uingereza ilitoa katika mfuko wake wa majaribio kiasi cha pauni milioni moja, kampuni ya Vodafone ikaongeza, wakajaribu mwaka 2005 kwa kuwasaidia watu kulipa mikopo midogo. Watu wakaitumia kwa jambo jingine kabisa, la kutumiana fedha, hata M-Pesa ikafunguliwa rasmi Machi 2007. Laiti wale waliotoa fedha wangedai marejesho ya mwezi wa kwanza, jaribio lile lingekufa kabla ya kuonyesha lilivyo.

Na sisi je? Iko kampuni iliyojipa jina la Nuru, iliyoanzia mashariki mwa nchi yetu, ambayo mwaka 2017 iliwasha Beni mtandao mdogo wa umeme wa jua uliokuwa wa kwanza wa namna yake Kongo, na mapema mwaka 2020 ikawasha Goma mtambo wa megawati 1.3. Mwezi wa Julai 2023 ikatangaza kwamba imekusanya mtaji wa zaidi ya dola milioni 40, kutoka kwa shirika la IFC la Benki ya Dunia, Proparco ya Ufaransa na wengineo, kwa ajili ya kujenga mitambo Goma, Bunia na hapa Kindu. Nakumbuka furaha niliyokuwa nayo kuona jina la mji wetu limeandikwa katika habari ya wawekezaji, bila ya neno vita wala kipindupindu kando yake. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa waasi wa M23. Na hapo ndipo anapojulikana mwenye hisa na mwenye deni, kwa sababu deni halijui vita, linaendelea kuzaa riba hata mizinga ikilia, na hisa hungoja pamoja na watu.

Tunayo tangu Septemba 8, 2022 sheria nambari 22/030 ya kukuza ujasiriamali na kampuni changa, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini sheria haitoi fedha, na vijana wetu hawana pa kwenda ila likelemba, ambayo ni mchango mzuri wa zamu wa watu wajuanao, ila zamu yake ikifika huleta fedha za kununua cherehani, si za kujaribu kitu ambacho hapana aliyewahi kukijaribu. Nautaka mfuko wa Maniema wenyewe, mdogo hata ukiwa mdogo namna gani, uliokusanywa kwa wafanyabiashara wa mpunga na mawese, kwa kodi ya madini yatokayo Kalima na Punia, na kwa watoto wa Kindu walioko Lubumbashi na Ulaya, utakaoingia kwa hisa na kukubali tangu siku ya kwanza kwamba nusu ya fedha huenda zisirudi.

Niliporudi kabini juma lililopita kuchukua simu yangu, yule binti alikuwa anapitia daftari lake. Humo, mbali na majina ya wenye simu, mna ukurasa wa watu aliowapa fedha yeye mwenyewe, kidogo kidogo, wakafanye biashara wamgawie faida: mkaanga mikate, mshona viatu, na mama mmoja auzaye samaki ambaye mtumbwi wake ulipinduka mwezi uliopita pamoja na mzigo wote. Nilimwona akiweka rula chini ya jina la yule mama, akalipigia mstari taratibu, na pembeni akaandika kiasi kingine cha fedha na tarehe ya siku ile. Kisha akainuka kwenda kuzima jenereta, maana petroli iliyobaki ilikuwa ya kesho tu.