Je, Wajua? Jani la Ngano Huzeeka kwa Faida ya Punje

Chapati inayokunjwa na mayai kuwa rolex kando ya barabara za Naguru, Kampala, inadaiwa sana na jani moja: lile la juu kabisa, lililo chini kidogo ya suke la ngano.

Ngano ikishachanua, jani hilo huchangia sehemu kubwa ya wanga unaojaza punje. Likidumu kijani, punje huendelea kunenepa. Joto au ukame ukilinyausha mapema, punje husinyaa na gunia huwa jepesi.

Hata hivyo, kuzeeka kwake si hasara tupu. Linapogeuka manjano kuanzia ncha, jani huwa linavunja protini zake na kuisafirisha naitrojeni, pamoja na chuma na zinki, hadi kwenye punje. Mwaka 2006 watafiti Cristobal Uauy, Jorge Dubcovsky na wenzao walieleza jeni ya ngano-mwitu inayoharakisha uzee huo, NAM-B1. Walipozipunguzia nguvu jeni za jamii hiyo, majani yalichelewa kuzeeka kwa zaidi ya wiki 3, lakini protini, zinki na chuma katika punje vikashuka kwa zaidi ya asilimia 30. Hapo ndipo wazalishaji wa mbegu wanapobanwa kweli, kati ya jani linalodumu kijani na punje zenye lishe.

Uganda nayo inajua uchungu wa punje zisizojaa. Mwaka 1998, huko Kalengyere, kusini-magharibi, iligunduliwa aina ya kutu ya shina, ugonjwa wa ngano, iliyokuja kuitwa Ug99. Kuvu wake hupasua ngozi ya shina, hunyonya chakula na kuvuruga njia ya maji, na punje hukauka zikiwa na makunyanzi.