Vitamini ya ngozi na akili

Mwaka 1915, katika shamba la gereza la Rankin, jimbo la Mississippi, wafungwa walikubali kulishwa chakula cha kimaskini kwa ahadi ya kuachiwa huru. Unga wa mahindi, wali, viazi vitamu, mboga kidogo. Nyama, maziwa na mayai hawakuyaona. Wafungwa 11 walifika mwisho, na baada ya miezi kama sita, sita kati yao ngozi ilikuwa imeharibika kwa mabaka.

Daktari Joseph Goldberger alikuwa amewatia pelagra kwa makusudi. Ugonjwa huo huanza kwa ngozi iliyopigwa na jua kuwa nyeusi na kubambuka, kisha tumbo la kuhara, kisha akili huvurugika. Mabingwa wengi wa wakati ule walishikilia kwamba unaambukiza. Kuwakanusha, mwaka 1916 Goldberger alijidunga damu ya wagonjwa, na mkewe naye akadungwa. Hawakuugua.

Kilichokosekana ni niasini, vitamini B3. Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, ndiye aliyeonyesha hivyo mwaka 1937. Mahindi yanayo, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo huipata kidogo mno. Watu wa Mexico huchemsha mahindi kwa chokaa tangu kale, na chokaa huifungua. Sisi wala ugali hatuna desturi hiyo. Kinga yetu ni kitoweo. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra zaidi ya 18,000, baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao.

Kidonge cha niasini, basi, ndicho kidonge cha ngozi na akili kisicho na ubishi: kinamponya aliyepungukiwa. Vivyo hivyo B12, ambayo upungufu wake huleta usahaulifu na ganzi miguuni. Metformin ya kisukari huweza kuipunguza, kwa hiyo wanaoitumia kwa miaka mingi wana sababu ya kupimwa.

Biashara lakini humlenga aliyeshiba. Mji uleule wa Madison ndiko iliko kampuni ya Prevagen, kidonge cha kumbukumbu chenye protini iliyogunduliwa kwa kiwavi wa baharini. Katika utafiti wa kampuni yenyewe, waliomeza kidonge hawakuwazidi kwa ujumla waliomeza kidonge bandia. Mwaka 2024 mahakama ya New York iliipiga marufuku kutangaza kwamba kinaboresha kumbukumbu. Ginkgo, dawa ya majani ya mti inayouzwa kwa ajili ya kumbukumbu, nayo ilijaribiwa kwa wazee 3,069 wa Marekani. Matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 huruhusu bidhaa za namna hii ziuzwe bila kuthibitishwa kwanza kwamba zinafanya kazi, na lebo zake husafiri hadi madukani kwetu.

Biotini, kipenzi cha wapenda nywele na ngozi laini, ina kasoro ya pekee. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 30 hivi kwa siku. Vidonge vingi vina 5,000 au 10,000. Ziada hiyo huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara: kipimo cha tezi ya shingo hudanganya, na kile cha moyo huweza kuonyesha salama wakati mshipa umeziba. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo, ikitaja kifo cha mgonjwa mmoja. Anayemeza biotini, basi, amwambie daktari kabla hajatolewa damu, na aje na chupa yenyewe mkononi.