Waliobeba Mabua

Hadithi! Najua mtaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo uongo tuuache nje, maana haya yaliandikwa na watu wa wakati ule, na mengi yalitokea huku huku kwetu Unyanyembe. Utamu mtaukuta ndani yake. Sogeeni mkekani, matobolwa hayo mgawane bila kunyang'anyana.

Jioni hii nilikuwa nawatazama mkicheza chandimu hapo nje. Bao la mwisho lilikuwa zuri sana, ila kilichofuata kilinisikitisha. Mfungaji akasema bao ni lake peke yake. Aliyetoa pasi akasema bila yeye bao lingetoka wapi. Mkashikana mashati mpaka giza likaingia. Mimi wakati huo macho yangu yalikuwa kwa mwingine kabisa, huyu aliyekaa kimya kwenye ncha ya mkeka. Nitarudi kwake.

Kwanza turudi nyuma. Tarehe 7 Novemba 1857 Mwingereza aitwaye Richard Burton na mwenzake John Speke waliingia Tabora, ambayo wakati ule wageni waliiita Kaze. Kutoka pwani mpaka hapa walitumia siku 134. Mizigo mingi ilisafiri kichwani na begani, na wabebaji waliosifika kuliko wote katika njia hii walikuwa Wanyamwezi. Burton alikuwa na ulimi mkali kwa watu wetu, lakini jicho lake halikulala. Aliandika aliyoyaona njiani.

Aliandika kwamba mbele ya msafara alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, amevaa joho jekundu, kichwani ngozi ya mbega na manyoya ya ndege, mkononi bendera. Nyuma yake walifuata wapagazi, mmoja mmoja, kwenye kijia chembamba. Na ilikuwepo sheria: hakuna kumpita kirangozi. Mpagazi aliyempita alichomolewa mshale mmoja kutoka kwenye podo lake, akaja kuukomboa mbele ya safari.

Mnacheka? Hebu fikirini. Una mzigo wa kilo 30 hivi, miguu yako ina nguvu, huyu wa mbele anajivuta. Unatamani kukimbia ufike kisimani kwanza, unywe maji kabla hayajatibuliwa. Ukikimbia wewe, na mwenzako naye atakimbia. Wagonjwa watabaki nyuma na mizigo yao, na porini walikuwepo watu waliongoja wabaki. Ndani ya mstari mmoja hakuna mashindano. Mstari unafika wote, au haujafika.

Sasa msidhani Wanyamwezi hawakupenda kushindana. Ngojeni misafara miwili ikutane njiani.

Anasema Burton, misafara yenye urafiki ikikutana, makirangozi wawili walisogeleana kwa madaha, hatua moja, kisimamo, hatua nyingine, wakitazamana kwa pembe ya jicho. Wakishakaribiana, ghafla wote wawili waliinama na kugonganisha vichwa kama kondoo dume. Ko! Hapo wapagazi wa pande zote mbili nao wakaingia, kusukumana na kugongana, mpaka mgeni aliyetazama akadhani vita imeanza. Kama hakukuwa na kinyongo cha zamani, yote yaliishia kwenye kicheko. Ila mshindi alijulikana: upande uliozidiwa ulipisha njia na kutoa zawadi ndogo. Palipokuwa na kinyongo, hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo babu zenu walijua kugonga vichwa, na walijua wagonge cha nani. Cha msafara wa pili, siyo cha mwenzao wa mstari mmoja. Ninyi leo mlishinda mechi, halafu mkaanza kugongana ninyi kwa ninyi.

Sikilizeni nyingine. Mwaka 1873, mwezi Mei, yule mzungu David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wangeweza kumzika pale pale na kwenda zao. Wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, wakaamua kumrudisha kwao. Moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi na kuuanika juani siku 14, wakaufunga na kuubeba. Safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu mpaka pwani.

Mwezi Oktoba wakafika Kwihara, hapo hapo mnapokwenda kuona lile tembe la Livingstone. Walimkuta mzungu mwingine, Cameron, aliyetumwa kumpelekea Livingstone msaada. Cameron akawashauri: mzikeni hapa. Wakakataa, wakaendelea na njia.

Walipofika Kasekera, wenyeji wakagoma. Maiti haipiti kwetu! Watafanya nini? Kupigana? Wakaufungua mwili, wakaufunga upya ukawa kama mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida katika mizigo. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayafunga pamoja yakawa na urefu wa mtu, wakayaviringisha kwa nguo kama maiti inayokwenda kuzikwa. Wakachaguliwa watu 6 waaminifu. Wakabeba mabua yale kwa huzuni, polepole, kurudi walikotoka, na barua ya bandia imebanwa kwenye kijiti kilichopasuliwa, kama walivyofanya matarishi wa siku zile. Wenyeji wakaona: sawa, wamekubali, wanakwenda kumzika Unyanyembe.

Giza lilipoingia, watu wale 6 wakatupa mabua vichakani, nguo nazo wakazitupa, wakatawanyika mmoja mmoja kwenye majani marefu, wakazunguka na kuwarudia wenzao. Februari 1874 msafara ukafika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili Livingstone akazikwa London, katika kanisa la Westminster.

Susi na Chuma wanatajwa vitabuni mpaka leo. Lakini nataka mwafikirie wale 6. Wenzao wameelekea bahari, wao wanarudi nyuma. Wenzao wamebeba mzigo wenyewe, wao wamebeba mabua. Hata mmoja wao angechoka na mchezo ule akageuka kabla ya giza, safari nzima ingeharibika.

Sasa nirudi kwako, uliyekaa kwenye ncha ya mkeka. Nilikuona. Kabla ya lile bao ulikimbilia kona ya kushoto, mkono juu, unapiga kelele, "Nipe! Nipe!" Mabeki wawili wakakufuata mbio. Katikati pakabaki uwanja mtupu, pasi ikapita hapo, bao likaingia. Mpira hukuugusa. Hebu niambie, ulijua kwamba hupewi?

Anatikisa kichwa kukubali. Mnaona? Alijua. Na wakati ninyi mnagombea bao, yeye alikuwa anatafuta kandambili yake kwenye majani.

Kutaka kushinda ni kuzuri, wanangu. Kesho mkicheza na vijana wa mtaa wa pili, gongeni vichwa kama wale makirangozi. Mkizidiwa, pisheni njia huku mkicheka. Mkishinda na mkaanza tena kuulizana bao ni la nani, nitakuja kuchomoa mishale.

Haya, sahani hii nani kaisogeza mpaka kwenye ncha ya mkeka? Wewe mfungaji? Vizuri. Usimwangalie hivyo, mwache ale.